Nafasi Moja kwa Kila Nyumba

Dada yangu alizaliwa mwaka mmoja baada yangu, lakini kidato cha sita tulikimaliza pamoja. Nilirudia darasa la saba kwa sababu ya hesabu, naye akanikuta pale pale kwenye dawati, kisha tukasonga sambamba hadi mwisho, mimi katika shule ya wavulana na yeye katika shule ya wasichana. Matokeo yalipotoka, katikati ya miaka ya themanini, alama zake zilikuwa bora kuliko zangu. Hata hivyo hakuna kati yetu aliyeitwa chuo kikuu. Walioitwa walikuwa wachache, na sisi tulioachwa tulirudi nyumbani kungojea lolote litakalotokea.

Nyumbani kulikuwa Nyalenda, mtaa wa Kisumu. Baba alikuwa karani bandarini, mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Mama alinunua samaki asubuhi kule Dunga, ufuoni mwa ziwa, na kuwauza mjini. Mimi nilipata kazi ya kufundisha shule ya msingi upande wa Nyamasaria, mwalimu asiye na cheti, na kila siku nilikwenda huko kwa baiskeli ya Baba. Dada yangu hakupata kazi. Akawa anamfuata Mama hadi Dunga, anambebea karai, anapara samaki magamba na kubishana na wavuvi.

Kubishana kulikuwa tabia yake tangu utotoni. Mvuvi akisema samaki wake wote wametoka majini asubuhi hiyo, dada yangu angeinua shavu la ngege mmoja, akatazama rangi, akamwambia, "Huyu ni wa jana. Sasa umesema wote, na huyu si wa leo. Sema basi: wengi wao ni wa leo. Hapo nitakubali." Wavuvi walicheka na kumpunguzia bei ili aondoke. Mama alikuwa akilalamika kwamba mdomo ule utamkosesha mume, lakini niliona kwamba hakuwahi kwenda Dunga bila yeye.

Padri wa kanisa letu ndiye aliyetuletea habari ya mtihani. Alikuwa mzee mgeni, mweupe wa nywele, aliyezungumza Kiluo chenye makosa ambayo watu walipenda kuyasikia. Jumapili moja baada ya misa alituita sote wawili, akatuambia kwamba kuna chuo cha sheria ng'ambo kinachotafuta wanafunzi kutoka nchi zetu, na kwamba wafadhili wapo. Mtihani wa kuingia hauulizi sheria hata kidogo. Unauliza kama mtu anajua kufikiri. Akatupa kijitabu cha maswali ya mazoezi, kimoja kwa wawili, akasema, "Jaribuni. Mmekaa bure mno."

Jioni ile nilikifungua peke yangu. Nilijibu maswali kumi nikakosa saba. Nilikasirika, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa rahisi na kila neno nililielewa. Dada yangu alikuwa amechuchumaa karibu na jiko, anageuza samaki kwenye sufuria ya mafuta. Alifuta mikono kwenye leso, akanyoosha mkono apewe kijitabu.

"Ulikosa hili kwa nini?" akauliza.

"Sijui. Jibu langu ni kweli."

"Sikuuliza kama ni kweli. Sikiliza. Mvua ikinyesha sana, njia yetu inajaa maji. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Leo umerudi kutoka kazini ukakuta njia imejaa maji. Mvua ilinyesha?"

Nilitaka kusema ndiyo. Kisha nikakumbuka kwamba anga lilikuwa kavu tangu wiki iliyopita, na kwamba nilibeba baiskeli begani pale karibu na bomba la maji la mtaa, lililopasuka asubuhi.

"Bomba," nikasema.

"Basi. Mvua inaleta maji, lakini maji hayasemi ni mvua. Wewe unageuza sentensi kama mtu anayegeuza shati, unadhani ndani na nje ni sawa." Akarudi kwa samaki wake. "Lakini kama njia ni kavu, hapo una haki ya kusema mvua haikunyesha. Hiyo inageuzika."

Hilo lilikuwa somo la kwanza. Nimesomeshwa na maprofesa baada ya hapo, na wametumia mishale na herufi ubaoni kunieleza jambo lile lile, na kila mara niliona njia ya Nyalenda na bomba lililopasuka.

Tukawa na ratiba. Nikirudi kutoka shuleni alasiri, tulikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, kijitabu katikati yetu. Alinifundisha kwamba "baadhi" ni neno dogo lenye hila, kwamba kusema "si wote" hakumaanishi "hakuna hata mmoja." Yale maswali ya kupanga watu katika mstari, nani yuko mbele ya nani na nani hawezi kukaa karibu na nani, aliyageuza kuwa akina mama wa mtaa wetu wakipanga madebe bombani, pamoja na ugomvi wao, na tulicheka hadi Mama akatoka kuuliza tunamsengenya nani.

Kitu kilichonishinda zaidi ni kutafuta kile ambacho hakijasemwa. Kijitabu kilikuwa na maswali mengi ya namna hiyo: mtu ametoa sababu, ametoa uamuzi, na katikati ameruka shimo bila kuonyesha. Unatakiwa uone shimo.

"Jirani amenunua redio, kwa hivyo amepata kazi," dada yangu alisema. "Nini hakijasemwa?"

"Kwamba redio inanunuliwa kwa mshahara."

"Kwa mshahara tu. Lile 'tu' ndilo alilolificha. Pengine kapewa na shemeji yake." Akanigonga kwa kidole kwenye paji la uso, kidole kinanuka samaki. "Owadwa, watu hawasemi uongo sana. Wanaruka tu. Tazama pale wanaporuka."

Alikuwa akiniita hivyo, owadwa, ndugu yetu, hata tulipokuwa wawili peke yetu.

Ni yeye aliyetaka sheria. Mimi nilitaka kuondoka tu. Kama padri angeleta mtihani wa udaktari wa mifugo ningeufanya. Yeye alikuwa ameingia mahakamani mara moja, siku ambayo Mama aliitwa kutoa ushahidi wa ugomvi wa soko, akakaa kutwa nzima kwenye benchi la nyuma hata baada ya Mama kumaliza. Aliporudi alisema, "Nimewahesabu waliovaa majoho. Wote ni wanaume. Lakini sikusikia mtu akisema ni lazima iwe hivyo." Tangu siku hiyo alikuwa akisimama nyuma ya nyumba, leso mabegani, anamtetea kuku aliyekula mahindi ya jirani.

Mwezi mmoja kabla ya mtihani, padri alituketisha katika ofisi yake, akaweka saa mezani, akatupa maswali ambayo hatujawahi kuyaona. Mimi nilipata zaidi kidogo ya nusu. Dada yangu alikosa mawili. Padri alisahihisha mara ya pili, akidhani amekosea, kisha akavua miwani na kumtazama. "Binti," alisema, "sijaona kitu kama hiki." Dada yangu akashika njia ya kurudi nyumbani. Alitembea mbele yangu kwa haraka, na tulipofika mlangoni niliona amekuwa akilia kwa furaha na hakutaka nimwone.

Halafu ikaja barua. Padri aliileta mwenyewe siku ya Jumapili alasiri, akakataa chai, akaisoma amesimama. Wafadhili walikuwa wameamua kwamba ili watu wengi wafaidike, watampokea mtahiniwa mmoja tu kutoka kila nyumba. Jina litumwe kabla ya mwisho wa wiki. Padri alimwambia Baba ni mtoto gani aliyefanya vizuri katika mazoezi. Alilisema wazi, kwa Kiluo chake, akilirudia ili asieleweke vibaya. Kisha akasema uamuzi ni wa wazazi, akaenda zake. Mara nyingi nimewaza kwamba angeweza kukaa kidogo zaidi.

Baba alituita sebuleni. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Nimefikiri," alisema Baba. "Nyara, binti yangu, wewe una akili. Hakuna anayekataa. Lakini msichana huolewa. Akiolewa, anakwenda kwa watu wake wapya, na yote aliyosomeshwa anakwenda nayo. Kwa hivyo ndugu yako ndiye atakayekwenda."

Dada yangu alikuwa amesimama. "Baba, nani amesema nitaolewa?"

"Kila msichana huolewa."

"Shangazi hakuolewa."

"Shangazi yako ana maneno kama wewe. Ndiyo sababu."

"Haya, nitaolewa. Siku ya harusi elimu itanitoka kichwani? Nikiwa wakili aliyeolewa, siwezi kuwajengea nyumba? Na yeye," akaninyooshea kidole, "akienda ng'ambo akaoa huko asirudi, atakuwa amewapelekea nani elimu yake?"

Baba hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alitabasamu kwa uchovu, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma shairi, akanigeukia mimi.

"Wuoda, mwanangu. Wewe unasemaje?"

Nililiona shimo. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu nimewahi kujidanganya kwamba nilikuwa kijana na sikuelewa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na kwa miezi mitatu nilikuwa nimefundishwa kila alasiri kutazama pale watu wanaporuka. Baba alikuwa ameruka mbele ya macho yangu, na ningeweza kusema ni wapi, kwa maneno machache, na kwa kuwa mimi ni mwana wa kiume pengine angenisikiliza. Dada yangu alinitazama. Hakuwa akiomba. Alikuwa akingoja, kama alivyongoja kwenye mkeka nilipokuwa nikitafuta jibu ambalo alijua ninalo.

"Uamuzi ni wako, Baba," nikasema.

Mama aliinuka akatoka nje. Dada yangu naye akatoka, na baada ya muda nikasikia kisu kikipara magamba.

Siku mbili hakuniambia neno. Siku ya tatu niliporudi kutoka Nyamasaria nilimkuta ameketi kwenye mkeka, kijitabu mkononi.

"Kaa," alisema. "Bado unakosa yale ya 'isipokuwa.'"

"Si lazima unifundishe."

"Kama ni wewe unakwenda, usianguke. Ukianguka itakuwa tumepoteza wawili."

Akanifundisha wiki tatu nyingine. Hakufanya mzaha tena, wala hakuwataja akina mama wa bombani. Alisoma swali, akangoja, akasahihisha. Siku ya safari ya kwenda kufanya mtihani alinisindikiza hadi kwenye stendi ya basi, ameshika mfuko wangu, ndani ameniwekea samaki wa kukaanga na penseli tatu alizozichonga mwenyewe. Nilitaka kumwambia kitu. Nilisema, "Haya basi." Naye akasema, "Soma swali mara mbili."

Nilisoma kila swali mara mbili, na nikafaulu.

Ng'ambo nilikaa zaidi ya miaka minne. Mwanzoni barua zake zilikuwa ndefu, zimejaa maswali: wanakufundisha nini, mwalimu akisema hivi ninyi mnamjibu vipi, nitumie hukumu moja niisome. Nilituma mbili au tatu. Kisha nikawa na mitihani, na baridi, na marafiki, nikachelewa kujibu. Barua zake zikafupika. Moja ilisema ameolewa na mtu wa Dunga mwenye mashua. Iliyofuata ilisema amejifungua msichana. Baada ya hapo habari zake nilizipata kwa Baba, katikati ya salamu nyingine.

Nilirudi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba alifanya sherehe, akasimama mbele ya waumini wote na kusema kwamba mwanawe alipita mtihani ambao hata wazungu wanaanguka. Jioni wageni walipoondoka nilimwambia, "Baba, aliyenifundisha ni yeye. Kila kitu."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Nilijua ana akili. Akili ya mwanamke husaidia nyumba. Umeona?"

Kesho yake nilikwenda Dunga. Dada yangu alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu, mimba ya pili imeonekana, uso wake umekauka kwa jua. Alinikumbatia, akanipa kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nikiwa kwenye ndege. Nilimwambia kwamba siku ile nilijua, kwamba ningeweza kusema na sikusema, kwamba nilimkosea.

"Ni sawa," alisema.

"Si sawa."

"Basi si sawa." Akaendelea kutandaza omena kwa kiganja.

Nikaanza kumweleza kesi moja niliyoisoma, nikafika mahali nikakosea makusudi, kosa ambalo mtoto angeliona. Nilisema kwamba kwa kuwa wezi wote wa duka lile walikuwa na funguo, basi aliyekutwa na ufunguo alikuwa mwizi. Nikangoja. Alinyanyua macho, akayaelekeza ziwani ambako mume wake alikuwa akivuta mashua.

"Labda," alisema. "Ninyi mmesoma."

Nilirudi mjini nikitembea, jua la mchana kichwani, sikuweza kupanda chochote kwa sababu sikutaka watu wanione uso.

Baada ya mafunzo Nairobi nilifungua ofisi Kisumu, vyumba viwili juu ya duka la Mkikuyu aliyeuza vyombo vya plastiki. Nilijua kwamba mume wa dada yangu aliugua, na nilikwenda kwenye mazishi yake, nikatoa mchango, nikarudi kazini. Ilikuwa miaka ambayo tulizika kila Jumamosi, na mtu alijifunza kwenda na kurudi. Wakati huo magugu yalikuwa yamefunika maji ya Dunga kiasi kwamba mashua zilishindwa kutoka siku nyingine, na nikikosa kumwona dada yangu mjini nilidhani ni kwa sababu hakuna samaki.

Karibu mwaka mmoja baadaye aliingia ofisini mama mmoja muuza samaki, na shauri lake mwenyewe. Tulipomaliza hakuinuka. Alinikazia macho.

"Bwana wakili, wewe si ndugu wa yule mjane wa Dunga?"

"Ndiye mimi."

"Mbona ulikubali wamfukuze?"

Hivyo ndivyo nilivyojua. Ndugu za marehemu walimwita kikao, wakamwambia ni nani kati yao atamrithi awe mke wake. Alikataa. Walimpa muda, akakataa tena. Wakachukua mashua, wakang'oa mabati ya nyumba yake, naye akaondoka na watoto watatu. Alikuwa akikaa Nyamasaria, akikaanga samaki kando ya barabara ya Nairobi. Nilikuwa nimepita hapo kwa gari mara nyingi.

Nilimkuta siku ile ile. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, anageuza samaki kwenye mafuta. Nilisimama upande wa pili wa karai.

"Kwa nini hukuniambia?"

Alifikiri kwa kweli. Niliona akifikiri. "Haikunijia," alisema.

"Mimi ni wakili. Mimi ni ndugu yako. Ofisi yangu iko hapo mjini."

"Najua iko wapi. Lakini siku ile ya kikao niliwatazama wote waliokaa pale, nikajua hakuna atakayesema kitu. Ndipo nikanyamaza." Akamtoa samaki, akamweka kwenye sinia. "Sikukuficha. Sikufikiria tu kwamba kuna mtu wa kuambiwa."

Alilisema bila hasira yoyote. Mteja alikuja, akamhudumia.

Nilichukua kesi yake. Ilikwenda polepole, kama zinavyokwenda. Siku aliyotoa ushahidi alivaa gauni la buluu lililopigwa pasi, akasimama kizimbani mikono ikiwa imetulia. Wakili wa upande wa pili, mtu mwenye sauti kubwa, alimwambia kwamba mwanamke anayetaka kubaki katika nyumba ya mumewe hubaki, yeye hakubaki, kwa hivyo hakuitaka nyumba.

Dada yangu alingoja hadi akamaliza. "Mtu huondoka mahali kwa sababu nyingi, bwana," alijibu. "Mimi niliondoka kwa sababu mvua ilikuwa inawanyeshea watoto kitandani. Nyumba haikuwa na paa."

Hakimu aliacha kuandika, akamtazama. Nyuma kwenye mabenchi mtu aliguna. Mimi niliinamia karatasi zangu, nikajifanya natafuta ukurasa, kwa sababu nilikuwa nimemsikia, yule wa kwenye mkeka, kwa sentensi tatu, na nilijua kwamba baada ya hapo ataketi chini.

Tulishinda nyumba na kiwanja. Mashua ilikuwa imekwisha kuuzwa na haikupatikana. Siku ya hukumu tulitoka pamoja hadi kwenye ngazi za mahakama, mimi nimeshika joho mkononi. Kulikuwa na watu wengi wanapanda na kushuka. Hakuwa amefika miaka thelathini na tano, na nywele zilizochungulia chini ya kitambaa chake zilikuwa na mvi.

"Utarudi Dunga?" nilimuuliza.

"Hapana. Watoto wameshazoea shule ya Nyamasaria. Nitaipangisha."

"Kama kuna kitu unataka, chochote. Kusoma, hata sasa. Kuna vyuo vya jioni. Ningeweza..."

"Nimeacha samaki kwa jirani," alisema. "Wataungua."

Alinipa mkono. Alinishika kwa mikono yote miwili, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya wateja wangu kutoka mashambani kesi inapoisha vizuri.

"Asante sana, wakili," alisema dada yangu, akashuka ngazi.